Uzito wa Munshebwa

Kamba ndiyo iliyomwambia Chabu kila kitu, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

Alikuwa ametoka Kafutuma alfajiri, kichwani kabeba mikeka mitatu ya arusi aliyotumwa na mama yake kuichukua kwa shangazi, na njia nzima alitembea kwa kujipa moyo kidogo kidogo: mpaka mtoni, mpaka kanisani, mpaka nyumbani, halafu Munshebwa. Siku tatu bila mbwa wake zilikuwa zimemkausha. Aliingia uani, akatua mikeka, akaita. Hakikuja kitu. Kwenye msumari wa nguzo ya jiko ilitundikwa kamba ya mbwa, imekunjwa duara juu ya duara, ncha yake imezungushwa mara tatu katikati na kupenyezwa. Nchelenge nzima, pale kando ya ziwa Mweru, waliokunja kamba namna ile ni watu wa maboti tu, na katika watu wa maboti ni mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kukanyaga ua ule.

Jairos. Mchumba wake. Mwanamume ambaye zilibaki Jumapili tatu amuoe.

Mama yake, Rosaria, alikuwa kibarazani anachekecha unga wa muhogo. Chabu alimuuliza mbwa yuko wapi. Rosaria alisema mikeka imekuja mizuri. Chabu aliuliza tena, safari hii amesimama mbele ya ungo, na mama akasema bila kuinua uso kwamba bibi arusi haingii nyumbani kwa mumewe akivuta mbwa kama mwindaji. Kwamba yeye ndiye aliyetuma neno kwa mshenga, mzee Kapembwa, na mshenga akalifikisha kwa mkwe, na mkwe, kwa kuwa ana adabu, alimvusha yule mnyama hadi kisiwa cha Chisenga juzi asubuhi. Mambo yamekwisha. Akaendelea kuchekecha unga uliokuwa mweupe, laini, uliokwisha kuchekechwa kitambo.

"Kwa hiyo Kafutuma ulinituma makusudi," Chabu alisema.

Rosaria alisema mikeka ilihitajika.

Sasa, msomaji, huenda wewe ni wa wale wanaosema mbwa ni mbwa. Ngoja kidogo. Miaka miwili kabla ya siku ile, mwaka hamsini na nne, kaka yake Chabu aitwaye Mwansa aliingia ziwani na nyavu zake, na upepo wa Mweru ukarudisha kasia peke yake. Siku hiyo Chabu alisimama mchangani tangu adhuhuri hadi jua lilipozama, na mbwa wa Mwansa akasimama naye. Tangu hapo kuna kitu kikawa kinamjia. Kilimjia sokoni, kilimjia kanisani katikati ya wimbo, kilimjia kila upepo ulipogeuka. Moyo ulianza mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikafika kooni na kurudi. Kila mara alijua, kwa uhakika wote alionao binadamu, kwamba anakufa. Na kila mara hakufa, akabaki na aibu.

Watu walimpa dawa waliyokuwa nayo. Wa kanisani walimwambia aombe. Jirani walisema pepo. Wote, wabaya na wema, walimwambia usiogope, kana kwamba hofu ni kitambaa ambacho mtu hujifunga mwenyewe. Munshebwa peke yake hakumwambia kitu. Alikuja, akazunguka mara moja, akajitupa juu ya miguu yake yote miwili kwa uzito wake wote, akashusha pumzi kama mzee aliyetoka shamba. Chabu aliutazama ule ubavu wa rangi ya kahawia ukipanda na kushuka, akahesabu, na ilipofika ishirini au thelathini pumzi yake mwenyewe ilikuwa imekumbuka njia. Mwansa ndiye aliyempa mbwa jina hilo la Kibemba, Munshebwa, asiyesikia la mtu, kwa sababu tangu akiwa mdogo alifukuzwa kwenye vichanja vya samaki na hakufukuzika.

Rosaria hakumpenda. Kila alipomkuta miguuni pa binti yake alimtimua kwa mwiko. Kwake yeye mbwa yule alikuwa tangazo: anayepita akimwona anauliza, na anayeuliza anaambiwa, na mwisho wake wakwe wanajua kwamba binti ana ila. Ugonjwa usiotoa damu hausemwi. Alimwapisha Chabu asimwambie Jairos neno, na Chabu, hapa lazima tuseme kweli, hakusema. Mwaka mzima alimpenda mtu yule na kumficha jambo moja alilolijua kuliko yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani hukumbuka methali akiwa anapendwa?

Alichukua ile kamba msumarini, akashika njia ya ziwani.

Jairos alikuwa forodhani, mikono myeusi kwa lami, anaziba nyufa za mtumbwi wake aliouinua juu ya magogo mawili. Alikuwa mtu wa Pweto, ng'ambo ya Kongo, aliyeletwa Nchelenge na boti ya kununua samaki, na tangu siku ya kwanza aliponunua muhogo wa kuchemsha kwa Chabu walisemezana kwa Kiswahili cha ng'ambo, maana Kibemba chake kilikuwa cha kuchekesha. Alipomwona anakuja alitabasamu kwa uso mzima. Aliona kamba mkononi mwake na tabasamu likabaki halijui liende wapi.

"Iko wapi imbwa yangu?" Chabu aliuliza.

"Chabu. Nilijua utarudi kesho."

"Nilikuuliza kintu kimoja."

Jairos alijipangusa mikono kwenye suruali. Alieleza taratibu, kama mtu anayesoma kazi yake mbele ya mwalimu, kwamba mzee Kapembwa alimjia na neno la mama mkwe: mbwa wa marehemu hafuatani na bibi arusi, anatolewa kwanza ili msiba utoke nyumbani, na mkwe ndiye anayemtoa, iwe kazi yake ya mwisho kabla ya arusi. Aliona ni jambo la heshima. Alimpakia, akampeleka kwa mama Ennie, mjane anayekausha samaki Chisenga, mwanamke mwema. Alimwachia na samaki wa kumlisha.

"Na kamba ukaikunja muzuri," Chabu alisema. "Ukaitundika ku musumari, sawa mutu aliyemaliza kazi ya Mungu."

"Ningefanya nini? Mi mutu wa ngambo. Hapa bote banangojea nikosee. Mama yako akituma neno, naweza kukataa?"

"Ungeniuliza."

"Balisema ulikubali."

"Nani alisema? Mi nilikuwa Kafutuma nabeba mikeka. Unataka kuoa mi ao mama yangu?"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walipunguza mikono. Hawakuacha kazi, maana hiyo ingekuwa utovu wa adabu, ila dagaa wa saa ile walianikwa mmoja mmoja.

Na Jairos alikuwa na sababu yake, tusimwonee. Mila ya pale ilikuwa kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani mpaka siku wanapofunguliwa kwa karamu. Wenyeji waliishika kwa mkono mmoja. Walijua wapi inakaza na wapi inalegea. Jairos aliishika kwa mikono miwili na meno. Akimwona Rosaria njiani hatua mia mbele, anaingia majanini mpaka viroboto wamsalimu. Alimjengea jiko, akamlimia matuta ya muhogo, hajawahi kuuona uso wake. Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho, na huyu macho alikuwa ameyafumba mwenyewe kwa adabu. Kila neno lililotoka kwa mama yule lilimfikia limepita mdomoni mwa mshenga, na hakuna siku aliyofikiri kuuliza lilikuwaje lilipoanza safari.

Wahenga wanasema hasira hasara. Chabu siku ile angewauliza wahenga kama waliwahi kuporwa mbwa.

"Ile imbwa si kintu cha msiba," alisema, na sauti yake ikaanza kupanda bila ruhusa. "Ile njo inaniweka muzima. Unaelewa? Mi niko mugonjwa, Jairos. Miaka mbili. Kuko kintu kinanikamata hapa." Alijipiga kifuani. "Pumzi inakatika, nasikia ninakufa, na Munshebwa analala ku miguu yangu mpaka kinapita. Njo ile uliyopeleka ku kisiwa na samaki ya kulisha."

Uso wa Jairos ukabadilika, na haukubadilika kuwa wa huruma kama Chabu alivyotaraji. Alikuwa amekasirika naye.

"Mwaka muzima," alisema. "Nilikuambia yote. Nilikuambia namna baba alitufukuza, nilikuambia bintu sijaambia hata ndugu. Na wewe hata siku moja hukuniambiaka. Imbwa ilijua. Mi sikujua. Nilikuwa nani kwako?"

"Ungekimbia."

"Nani alikuambia nitakimbia? Nani alikuambia unichagulie?"

Chabu alikuwa amekuja kulaumu, hakuja kuulizwa, na sasa upepo wa mchana ulikuwa umegeuka na kuanza kutoka ziwani. Alijua kinakuja. Alitafuta kwa macho, bila kutaka, ubavu wa kahawia mchangani, na haukuwepo. Vidole vilipotea kwanza. Kamba ikamtoka mkononi. Moyo ukaanza zile mbio zake za kukimbizwa, na pumzi ikapanda, ikagonga mlango, ikarudi. Alichuchumaa palepale mbele ya watu wote, mikono kifuani, mdomo wazi.

Jairos alipiga magoti. Aliogopa sana, na aliyeogopa husema maneno ya kwanza anayoyapata. "Chabu. Usiogope, mupenzi. Usiogope."

"Usiniambie usiogope," Chabu alisema kwa pumzi aliyokuwa nayo, na ilikuwa ndogo, akaimalizia yote kwenye maneno hayo.

Ndipo sauti ya Rosaria ikasikika nyuma. Alikuwa amemfuata binti yake mpaka pale majani yanapoishia na mchanga kuanza, na hapo akasimama. Tangu Mwansa hakupita mstari ule. Maji aliletewa, samaki aliletewa. Aliita kwa Kibemba kwamba Chabu ainuke, arudi nyumbani, watu wanatazama.

Jairos akainua uso. Kwa mwaka mzima macho yake yalikuwa yanajua kwenda chini kila yaliposikia sauti hiyo, na sasa hayakwenda. Alimtazama mama mkwe wake moja kwa moja, usoni, mchana kweupe, na mwanamke mmoja kwenye dagaa akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama," alisema, "leo nitakukosea. Nilikutii weye, nikamukosea yeye. Kama ni mukwe wa kutii tu unataka, tafuta mwingine. Mi naenda kuleta ile imbwa."

Rosaria alivuta kitenge chake akajifunika uso wote. Hakuondoka. Alisimama hivyo hivyo, kama gunia lililosahauliwa njiani.

Jairos alisukuma mtumbwi majini peke yake, lami haijakauka. Alikuwa ameshika kasia tayari alipoona Chabu anakuja, anayumba, sketi imeshikwa mkononi. Miaka miwili mguu wake haukugusa maji ya Mweru. Jairos alisema hapana, angoje, ataleta yeye. Chabu alishika ukingo wa mtumbwi na kuingia.

"Hukusikia nilivyokuambia?" Jairos alisema.

"Weye uliniuliza?"

Wakaenda. Chisenga ni mwendo wa saa mbili kwa kasia, na saa nzima ya kwanza Jairos alisema. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, akarudia kwa Kibemba chake kibovu, akaapa, akajilaumu, akamlaumu Kapembwa, akaeleza tena habari ya heshima. Chabu alikaa mbele, mgongo umekakamaa, macho yameshika ubao mmoja wa mtumbwi. Pwani ilipokuwa mbali kiasi cha watu kuwa vijiti, wimbi moja likainua mtumbwi na kuutua, dogo tu, la kawaida, na kile kitu kikamrudia kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzijua. Chini yake kulikuwa na maji yaliyomchukua Mwansa. Hakuna pa kuchuchumaa, hakuna pa kukimbilia.

Jairos aliacha kasia. "Niambie. Munshebwa anafanyaka nini? Niambie, nifanye."

Chabu alitikisa kichwa. Meno yalikuwa yanagongana. Baadaye, kwa vipande, akasema, "Hasemi kitu."

Ilimchukua Jairos muda kuelewa, maana alikuwa mtu wa maneno. Kisha akafunga mdomo. Aliteremka ndani ya mtumbwi polepole usije ukapinduka, akakaa chini kwenye maji yaliyovujia, akampa mgongo, na akaegemea miguu yake. Hakuegemea kwa adabu. Alijiachia kwa uzito wake wote, bega hadi kiuno, mpaka visigino vyake Chabu vikabanwa na mbao. Mtumbwi ukaelea utakako. Chabu alitazama mgongo ule ndani ya shati lililolowa, ukipanda na kushuka. Ulikuwa unapanda haraka mno. Mwenyewe alikuwa na hofu. Alihesabu hata hivyo. Alipofika arobaini na kitu wote wawili walikuwa wanapumua sawa.

"Usifikiri weye njo imbwa yangu," alisema.

Jairos hakusema kitu. Alikuwa amejifunza.

Huko Chisenga, mama Ennie aliwapokea kwa manung'uniko. Mnyama gani huyu waliyemletea, asiyekula? Samaki wote kawaachia kunguru. Siku tatu amekaa majini, maji yamemfika tumboni, anatazama upande wa Nchelenge. Na kweli alikuwa pale, amekonda, amewapa mgongo. Chabu alimwita mara moja. Munshebwa aligeuka, akaja mbio, akampita Jairos kwa mngurumo mfupi ambao haukuhitaji mshenga, akazunguka mara moja, akajitupa. Chabu alisimama mchangani na uzito ule miguuni akalia kwa hasira, kwa sauti, kama mtoto aliyerudishiwa kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Jairos alisimama mbali, hakumkaribia mpaka alipoitwa.

Walirudi jua likiwa bado juu ya ziwa, mbwa katikati yao.

"Bado niko na hasira," Chabu alisema.

"Najua."

"Itakaa siku mingi."

"Nitakaa nayo. Lakini na weye, hapana kunificha tena."

Chabu alifikiri, akasema haya. Neno lake la mwisho kuhusu arusi hakulitoa. Alilibakiza la kumwambia mama yake, na njia nzima alilinoa: kwamba akitaka kuolewa ataolewa mbwa akiwepo, na asiyetaka abaki na mikeka yake.

Lakini walipokaribia, Chabu aliona mtu amesimama peke yake mbele ya magogo ya mtumbwi, mchangani palipolowa, na mawimbi yanamfika vidoleni. Hakuamini mpaka alipokitambua kitenge. Rosaria alikuwa amepita mstari wake. Alikuwa amesimama hapo kwa muda ambao wanawake wa dagaa walisema baadaye ulianza mara mtumbwi ulipotoka, na mkononi alishika ile kamba, imefumuka yote, anaipitisha kati ya vidole.

Jairos, kwa mazoea, aliinamisha macho. Rosaria naye aligeuza uso pembeni, kitenge kimeziba shavu. Mila ilikuwa imesimama kati yao kama ukuta, na kila mmoja alikuwa na neno. Mama ndiye aliyepata mlango. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili asikilizike, na alimwambia mbwa.

"Munshebwa. Ambia ule mutu wa ngambo alinitazama mu macho mbele ya batu. Ile ni kosa. Ataleta kuku mbili."

Jairos alikohoa.

"Munshebwa," alisema, anatazama masikio ya mbwa, "ambia mama nitaleta tatu."

"Ambia tena. Mzee Kapembwa aliongeza maneno yake. Ile ya msiba, mi sikusema. Mi nilisema atoe imbwa, basi. Na ile nayo ilikuwa mubaya."

Chabu alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi na maneno yake makali yamepangwa tayari. Alifungua mdomo. Lakini Rosaria alikuwa hajamaliza. Kamba ilikuwa inatetemeka mkononi mwake, na Chabu aliona, kwa mara ya kwanza, vidole vile vilivyopauka, kama vyake kile kitu kinapomjia.

"Ambia na mutoto wangu," mama alisema. "Ambia: na mimi. Tangu Mwansa. Kila upepo. Ninachekecha unga mara ine, mara tano, ju mikono isionekane inatetemeka. Nilifikiri tukifunika, itakufa. Leo nilimuona anaenda ku mayi, nikasikia..." Akaweka kiganja kifuani, mahali palepale. Pumzi ilipanda, ikafika kooni, ikarudi.

Munshebwa aliruka kutoka mtumbwini, akajikung'uta. Alimwendea yule mwanamke aliyemtimua kwa mwiko miaka miwili. Akazunguka mara moja, akajitupa juu ya miguu yake, akashusha pumzi kama mzee aliyetoka shamba. Rosaria alishtuka, akataka kurudi nyuma.

Hasira ya Chabu ilikuwa bado ipo, nzima, ya haki yake. Aliiacha mtumbwini, ingengoja. Alishuka majini, akaenda kusimama karibu na mama yake.

"Usisogeze miguu, mama," alimwambia kwa Kibemba. "Mtazame ubavu. Hesabu."

Na Rosaria akaanza kuhesabu.